Sisi tuliotaka Thorwald awe muuaji

Katikati ya filamu ya Rear Window, mpelelezi analeta habari njema. Mwanamke tuliyedhani ameuawa yu hai. Ameonekana alfajiri akitoka nyumbani na mumewe, amepanda treni, na lile sanduku kubwa lililokazwa kwa kamba, ambalo muda wote tulikuwa tukilitazama kama jeneza, limekutwa na nguo zake tu. Tena aliyekwenda kulipokea ni yeye mwenyewe, Bi. Anna Thorwald. Mpelelezi anaaga, anaondoka. Wanaobaki chumbani, mpiga picha Jeff na mpenzi wake Lisa, wamenywea kama watu waliodhulumiwa haki yao. Ni Lisa anayeshtuka kwanza. Hebu tujitazame, anasema, tumekata tamaa kwa sababu tumeambiwa mtu hajamuua mkewe.

Anashusha mapazia ya mianzi, anatangaza kwamba onyesho la leo limekwisha, anaingia ndani kubadili nguo. Filamu ingeweza kuishia hapo, ikawa kisa cha wapenzi wawili waliojifunza adabu. Mara nje unasikika ukelele wa mwanamke. Mapazia yanapandishwa upesi. Kijibwa cha majirani wa ghorofa ya juu kimelala uani, shingo imevunjwa. Na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi. Mbwa kauawa, kwa hiyo Thorwald ana la kuficha, kwa hiyo mkewe kafa kweli, kwa hiyo sinema inaendelea.

Watu huizungumza Rear Window kama filamu ya kupiga chabo, na ni kweli. Sijui nyingine inayong'ang'ania dirishani kwa ukaidi namna hii. Ila kwangu kuchungulia ni nusu tu ya kosa. Nusu ya pili, ambayo Alfred Hitchcock aliijenga kwa makusudi na kwa ustadi wa kutisha, ni kwamba tunaombea. Tunaombea mwanamke tusiyemjua awe amekatwakatwa, ili muda wetu wa dirishani usiwe umepotea bure. Nitasimulia kila kitu mpaka mwisho. Filamu ni ya mwaka 1954. Aliyetaka kuitazama bila kuharibiwa utamu amekuwa na nafasi.

Kwa ufupi mno: L. B. Jefferies, yaani Jeff, anayeigizwa na James Stewart, ni mpiga picha wa magazeti aliyevunjika mguu kwa kusimama katikati ya njia ya mashindano ya magari ili apate picha nzuri. Picha aliipata. Sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu, mguu mzima umefungwa POP, ndani ya chumba chake huko Greenwich Village, New York. Ni kiangazi, joto halivumiliki, kila mtu amefungua dirisha. Dirisha lake linatazamana na ua uliozungukwa na nyumba za wapangaji, naye hana kazi nyingine. Anawajua majirani kwa sura na kwa majina ya utani aliyowabandika mwenyewe: mnenguaji anayefanya mazoezi na nguo chache mwilini, mwanamke mpweke wa chini anayemwita Miss Lonelyhearts, mtunzi wa muziki asiyemaliza wimbo wake, maharusi waliojifungia, mke na mume wenye kijibwa kinachoshushwa uani kwa kikapu. Na ng'ambo kabisa yupo Lars Thorwald, mchuuzi wa vito vya bei nafuu, pande la mtu lenye nywele nyeupe, na mkewe mgonjwa wa kitandani ambaye hawaelewani. Usiku mmoja wa mvua Thorwald anatoka na kurudi, anatoka na kurudi, mkononi kashika sanduku lake la bidhaa. Asubuhi mkewe haonekani. Baadaye Jeff anamwona akifunga kisu kirefu na msumeno kwenye gazeti.

Huku kwa Jeff nako kuna kesi. Lisa Fremont, anayeigizwa na Grace Kelly, ni mrembo wa duru za mitindo, anataka ndoa, na Jeff anakwepa kwa visingizio ambavyo hata yeye haviamini. Kwa hiyo kila dirisha analolitazama linamjibu swali analolikimbia. Maharusi wanamjibu, wapweke wanamjibu, na akina Thorwald ndio jibu baya kuliko yote: kule mwanamume anatembea na mwanamke yuko kitandani, huku mwanamume hajiwezi na mwanamke ndiye anayeingia na kutoka. Mtu anayeogopa kuoa amekaa anamtazama mwanamume aliyemchoka mkewe. Haishangazi kwamba ndiye wa kwanza kuwaza mauaji.

Kisa chenyewe kilitoka kwenye hadithi fupi ya Cornell Woolrich ya mwaka 1942, ambamo hakuna Lisa wala Stella, yule nesi wa bima mwenye ulimi mkali anayekuja kumkanda Jeff. Hao waliingizwa kwenye filamu, na mwandishi John Michael Hayes akawapa karibu maneno yote matamu. Hitchcock, Mwingereza aliyependa sana kesi za mauaji za kwao, akachanganya na mambo ya kweli. Mojawapo ni kesi ya Dk. Crippen ya mwaka 1910, London, ambamo mke alitoweka na hawara akaonekana hadharani amevaa vito vya mke huyo. Humo ndimo ilimotoka hoja nzito kuliko zote za filamu hii, na anayeitoa ni Lisa: mwanamke hasafiri akaacha mkoba wake anaoupenda umening'inia kitandani, na hata siku moja haachi pete ya ndoa. Mpelelezi anacheka, anasema hizo ni hisia za kike. Jeff anaona, lakini anayeelewa kilichoonwa ni Lisa.

Hakuna hata jengo moja la kweli kwenye ua ule. Wote ulijengwa ndani ya studio ya Paramount, Hollywood, nyumba 31, baadhi zikiwa na samani kamili. Ili majengo yatoshe kwenda juu, sakafu ya studio ilitobolewa, na ghorofa ya chini ya ardhi ikawa ua. Taa zilipangwa ili asubuhi, mchana, magharibi na usiku viweze kubadilishwa upesi. Waigizaji wa ng'ambo walivaa vipokea sauti vyenye rangi ya ngozi masikioni, na Hitchcock akawaelekeza kwa redio akiwa upande wa Jeff. Yaani mwongozaji mwenyewe alikaa mle mle chumbani, anawatazama watu kwa mbali na kuwaamuru wageuke, wakae, wazime taa. Napenda kufikiri kwamba alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote pale studio. Anaonekana sekunde chache tu, kwa mtunzi wa muziki, akitia ufunguo saa ya mezani.

Sasa nije kwenye ufundi wa kutufanya tuombee.

Sehemu kubwa ya filamu imetengenezwa kwa vipande vitatu vinavyojirudia: Jeff anatazama, tunaonyeshwa anachokitazama, tunarudishwa kwenye uso wa Jeff. Basi. Hitchcock alimweleza mwongozaji Mfaransa François Truffaut, katika mazungumzo yao marefu ya mwaka 1962, kwamba hii ni hila ya zamani ya waongozaji wa Kirusi, ya kina Kuleshov. Chukua uso wa mwanamume anayetabasamu. Kabla ya tabasamu weka picha ya mama na mtoto mchanga, tutasema ni mzee mwema. Ondoa mama na mtoto, weka msichana aliyevaa bikini, na tabasamu lile lile litatuonyesha mzee mkware. Uso haujabadilika. Tulichoongeza kimetoka kwetu.

Hii ndiyo sababu Stewart anafaa sana hapa. Kwa muda mrefu hafanyi kitu zaidi ya kuinua nyusi, kusogeza kiti nyuma gizani, kuchukua darubini, kisha kuona haitoshi na kuchukua kamera yenye lenzi ndefu kama mkono wa mtu. Hasemi "huyu kaua." Tunasema sisi. Halafu sikiliza sauti. Baada ya muziki wa mwanzo, karibu kila unachokisikia kinatoka ndani ya ua: piano ya jirani, redio, honi za barabarani, watoto wakicheza. Hakuna violini vinavyokunong'oneza kwamba Thorwald ni mbaya. Akigombana na mkewe tunaona midomo ikienda na mikono ikirushwa, maneno yenyewe hayafiki. Kila mtazamaji anajaza mazungumzo yake, na ukishakuwa mwandishi mwenza wa kisa, utataka kiishe ulivyokipanga.

Kuna mahali Hitchcock anafanya jambo ambalo naliona la ujeuri kuliko yote. Usiku ule wa mvua, baada ya Thorwald kutoka na kurudi, Jeff anapitiwa na usingizi. Kamera haisinzii. Inatuonyesha mlango wa Thorwald ukifunguka, na Thorwald akitoka na mwanamke aliyevaa nguo nyeusi. Jeff hakuona. Sisi tumeona.

Wanaopenda filamu za namna hii wanakijua kisa cha bomu chini ya meza. Hitchcock alikirudia mara nyingi: watu wanaongea mezani, bomu linalipuka, mtazamaji anashtuka kwa sekunde 15. Lakini mwonyeshe bomu mapema, mwambie litalipuka saa saba kamili, na saa ya ukutani inasema saba kasorobo. Porojo zile zile za mezani zitakuwa taharuki ya dakika 15, kwa sababu sasa mtazamaji anajua na walio mezani hawajui. Kwa kanuni hiyo, yule mwanamke wa nguo nyeusi angekuwa bomu letu. Tunajua kitu ambacho Jeff hajui.

Ila bomu hili limewekwa kinyumenyume. Tulichoonyeshwa ni ushahidi wa kumsafisha Thorwald. Mwanamke ametoka mzima, kwa miguu yake, na mume wake. Tulikuwa macho, tuliona, na kwa saa nzima inayofuata tunaona Jeff akijenga kesi ambayo sisi tuna sababu ya kuitilia shaka, nasi hatuitilii. Tunaisukuma ile picha pembeni. Tunasema moyoni, labda ni mwanamke mwingine. Na kweli inakuja kuonekana hivyo, alikuwa mwingine aliyejifanya mke. Lakini wakati ule hatukuwa na haki ya kujua. Tulipewa nafasi ya kuwa waadilifu kuliko Jeff tukaikataa kwa hiari, kwa sababu tulikuwa tumeshapenda mauaji.

Niliwahi kuitazama filamu hii sebuleni kwa shangazi yangu, Tanga, nyumba imejaa binamu. Shangazi Kiingereza hakimwendei, nikateuliwa kuwa mfasiri kama wale jamaa wa vibanda vya video wanaosimulia sinema kwa Kiswahili juu ya sauti za wazungu. Nikagundua nina kazi ndogo kuliko nilivyotegemea. Vipande virefu havikuhitaji neno, Shangazi alikuwa mbele yangu. "Huyu baba anaosha kuta za bafu usiku huu kwa nini?" Nikamwambia ndiyo swali lenyewe. Mapema kabisa aliuliza pia, "Mbona hawasalimiani hawa?" Nikakosa jibu, maana kwenye nyumba za kupanga nilizokulia, ukipita uani bila kusalimu utasikia habari zako kabla hujafika chooni.

Kisha akafika mpelelezi na habari zake njema. Nikafasiri: anasema mke yupo, ameonekana, sanduku amelipokea mwenyewe. Shangazi akasonya. "Mwongo huyo. Kahongwa."

Chumba kizima kikacheka, lakini tulikuwa upande wake. Hakuna aliyesema alhamdulillahi mama wa watu mzima. Mwanamke anayeswali swala tano na kupika futari ya mtaa mzima alikuwa tayari kumzushia polisi rushwa kuliko kukubali kwamba mtu hajafa. Sijaona mhakiki aliyeieleza Rear Window vizuri kuliko lile sonyo.

Lisa alipopanda ngazi za dharura na kuingia kwa Thorwald kupitia dirishani, gauni lake la maua likipepea, Shangazi aliinuka kabisa. "Toka humo mwanangu! Toka, anarudi!" Na Jeff, kwenye kiti chake, anasema karibu maneno hayo hayo kwa sauti ya chini isiyofika popote. Mpaka dakika ile umbali ulikuwa raha yake: anaona bila kuonekana, hadaiwi chochote. Sasa umbali ule ule umemfunga mikono. Kuvuka ua ni hatua chache tu kwa mwenye miguu. Nadhani hapa ndipo kuchungulia na taharuki vinapokutana mpaka huwezi kuvitenganisha: vyote viwili vinahitaji mtu anayeona kila kitu na asiyeweza kufanya lolote, na mtu huyo ni kila aliyewahi kukata tiketi ya sinema.

Hiyo ndiyo sehemu inayosifiwa siku zote. Ninayoirudia mimi ni inayotokea ghorofa ya chini wakati huo huo.

Miss Lonelyhearts tulimwona mapema akiandaa meza ya watu wawili. Anawasha mishumaa, anafungua mlango, anamkaribisha mgeni ambaye hayupo, anamvutia kiti, anainua glasi kumtakia afya. Ng'ambo, Jeff anainua yake kumwitikia. Mwanamke hajui. Kisha anainamia meza na kulia. Kwa kile kitendo cha kuinua glasi Jeff anakaribia ubinadamu kuliko mahali pengine popote, na hakina faida yoyote kwa aliyeinuliwa. Siku nyingine anamleta kijana nyumbani, kijana anataka kumshika kwa nguvu, anamfukuza. Tunatazama hayo yote kama vipindi vya pembeni, tukisubiri turudishwe kwa Thorwald.

Usiku wa mwisho, Lisa akiwa juu anapekua, Stella anashusha macho na kuona kwamba yule wa chini ana vidonge mkononi, vingi. Stella ni nesi, anajua maana yake. Anapiga kelele Jeff aite polisi. Jeff anainua simu. Madirisha mawili yapo kwenye picha moja, juu Lisa anatafuta pete, chini mwanamke anajiandaa kufa, na kwa mara ya kwanza katika filamu nzima Jeff na Stella wanamtazama jirani kwa kumhurumia tu, bila udadisi, bila kesi. Mtunzi wa muziki anaanza kuupiga wimbo wake, hatimaye umekamilika. Mwanamke anausikia, anainua kichwa, mkono unasimama. Amepona kwa sababu ya piano ya jirani ambaye hajawahi kumsalimu.

Na kwa kumtazama yeye, hawakumwona Thorwald akirudi. Walikuwa wamekubaliana kwamba akitokea tu Jeff apige simu chumbani kwake, mlio umwonye Lisa. Kitu pekee walichotakiwa kufanya kama wachunguliaji hodari kiliwashinda pale tu walipoacha uchunguliaji na kuwa majirani. Halafu angalia kinachofuata: simu ya polisi ambayo Jeff tayari ameishika mkononi, aliyoipiga kwa ajili ya Miss Lonelyhearts, ndiyo anayoitumia kusema kuna mwanamume anampiga mwanamke ghorofa ya pili. Polisi wanafika kabla Lisa hajauawa. Huruma imemponza na huruma imemwokoa, ndani ya dakika mbili, na Hitchcock hasemi neno juu yake. Mapema zaidi, usiku wa kijibwa, mwenye mbwa alisimama roshani akawalilia majirani wote kwamba hawajui maana ya ujirani, hakuna anayejali nani anaishi na nani anakufa. Ni hotuba nzuri, imenukuliwa sana, lakini kwangu ni hotuba tu. Yale madirisha mawili yanafanya kazi ile ile bila kuhutubia.

Polisi wakiwa mle ndani, Lisa anageuza mgongo dirishani na kuonyesha kidole kwa siri: pete ya Bi. Thorwald amekwisha kuivaa. Truffaut alimwambia Hitchcock kwamba hapo kuna pete mbili kwa mpigo, ushahidi wa mauaji na ndoa ambayo Lisa amekuwa akiidai tangu mwanzo. Sawa. Mimi namtazama Thorwald. Anauona mkono. Anajiuliza anamwonyesha nani. Macho yake yanapanda taratibu kutoka kwenye kidole, yanavuka ua, yanatua moja kwa moja kwenye lenzi. Kwetu. Mara ya kwanza kuitazama nilirudi nyuma kwenye kiti, jambo la kijinga kwa mtu mwenye kompyuta mapajani.

Yanayofuata ni somo kamili la taharuki. Jeff amebaki peke yake, Stella amekwenda kumtoa Lisa kituoni. Simu inalia, Jeff anainua na kuanza kuongea haraka akidhani ni yule rafiki yake mpelelezi, anamtaja Thorwald kwa jina. Upande wa pili kimya. Simu inakatwa. Hakuna tishio lililotamkwa, na ameshampa muuaji kila kitu. Kisha hatua nzito za ngazi. Kisha mstari wa mwanga chini ya mlango unazimika.

Thorwald akiingia, tunategemea jini. Anaingia mtu mzito, aliyechoka, anayeuliza kwa sauti karibu ya kulia: unataka nini kwangu? Anasema hana pesa. Anaomba aambiwe kitu, chochote. Ni swali la haki kabisa na Jeff hana jibu, kwa sababu jibu la kweli ni kwamba hakutaka chochote, alikuwa amechoshwa na kukaa. Raymond Burr anamwigiza kwa namna inayokufanya, kwa sekunde chache, umwonee huruma mtu aliyemkata mkewe vipande. Silaha ya Jeff ni balbu za flashi. Anaziba macho, anawasha, na skrini inajaa wekundu: sasa tunaona kwa macho ya Thorwald, aliyepofushwa na kifaa kile kile cha kutazamia. Kabla ya hapo hatukuwahi kupewa macho yake hata mara moja.

Nina lawama moja na siifichi. Filamu inampa Jeff ushindi. Thorwald kweli kaua, kwa hiyo kuchungulia kumezaa haki, na anayetaka kuondoka na dhamiri safi anaruhusiwa kuondoka nayo. Jeff mwenyewe anauliza mapema kama ni halali kumtazama mtu kwa darubini hata ukija kuthibitisha kwamba hana hatia, na filamu inalikimbia swali hilo kwa kuhakikisha hatia ipo. Fikiria ingekuwaje kama sanduku lilikuwa na nguo tu. Mwaka 1975 Laura Mulvey, katika insha ambayo kila mwanafunzi wa sinema hulazimishwa kuisoma, aliandika kwamba Jeff hamtamani Lisa mpaka pale anapovuka kwenda upande wa pili na kuwa mtu wa kutazamwa dirishani. Ni kweli, tazama uso wa Jeff Lisa anaporudi mbio kutoka kupenyeza barua chini ya mlango wa Thorwald, unang'aa kwa mara ya kwanza. Ila naona Mulvey anamlipa Lisa pungufu. Yeye na Stella ndio pekee wanaoshuka uani na koleo kuchimba kitalu cha maua. Waliotenda ni wanawake. Mwenye darubini alibaki na darubini yake.

Pembeni kidogo: filamu hii yenyewe iliwahi kufichwa. Ni moja ya filamu tano za Hitchcock zilizoondolewa sokoni kwa miaka mingi, zikarudi majumba ya sinema kuanzia 1983, baada ya mwenyewe kufariki mwaka 1980. Halafu aliyenunua haki za hadithi ya Woolrich akafungua kesi iliyofika Mahakama Kuu ya Marekani na kuamuliwa mwaka 1990, jina la Stewart likiwa juu ya jalada, na mwenye hadithi akashinda. Kwenye Oscar filamu ilipendekezwa kwa tuzo nne, haikupata hata moja.

Jeff anaangushwa dirishani, anavunja mguu wa pili, Thorwald anakamatwa na kukiri. Mpelelezi anampigia Stella kelele habari kwamba viungo vimetupwa mtoni, na kile kilichokuwa kimefukiwa kwenye maua kilihamishwa mbwa alipoanza kuchimba. Sasa kimo kwenye boksi la kofia chumbani kwa Thorwald. Je, anataka kwenda kukiona?

Kumbuka Stella ni nani. Siku ya kwanza alimkemea Jeff kwamba zamani wachunguliaji walitobolewa macho kwa chuma cha moto. Siku chache baadaye ndiye anayekisia, tena wakati Jeff anakula, kwamba mwili ulikatwa bafuni. Hakuna aliyetaka kuona zaidi yake, labda mimi na Shangazi. Sasa anaalikwa rasmi, bila darubini, mlango uko wazi. Anakataa. Kamera inazunguka ua mara ya mwisho, joto limeshuka, maharusi wameanza kugombana, mafundi wanapaka rangi kuta za Thorwald, na wale wa ghorofa ya juu wamepata mbwa mpya. Mbwa aliombolezwa na ua mzima, akapata na mrithi. Kwa Anna Thorwald hakuna aliyetoa machozi, wala sisi.